Je, Kula kwa Saa Ni Kufunga?



Siku hizi katika sharika zetu, za mjini hasa, imeingia desturi ya kula kwa saa. Mwenye kuishika desturi hii hachagui chakula wala hapimi kibaba. Hupanga saa tu. Akianza kula saa 6 mchana, huacha saa 2 usiku, na katika muda wa saa 16 uliobaki hatii kitu kinywani ila maji, au chai ya rangi isiyo na sukari. Wengine wafanya hivyo kwa ajili ya unene, wengine kwa hofu ya kisukari, wengine kwa sababu jirani amefanya. Nami nimeifuata desturi hii kwa muda wa miezi 3, na niliyoyaona nitayaeleza. Lakini sikushika kalamu ili nisimulie habari za tumbo langu. Naliishika kwa sababu ya swali la kijana mmoja katika darasa la kipaimara: "Mwalimu, wewe huli mpaka saa sita. Je, umefunga?" Nalimjibu kwamba sikufunga. Akauliza tena: "Basi tofauti ni nini, maana njaa ni ile ile?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, nami nataka tuanze kulijibu kwa lugha yetu wenyewe, maana mara nyingi lugha huwa imekwisha kufikiri kabla yetu. Sisi hatuna neno moja la kutokula, tunayo mengi. Yuko ashindaye na njaa: huyu hakula kwa kuwa hakuna. Yuko anayesusa: chakula kipo, na njaa anayo, lakini ana neno na mpishi au na mwenye nyumba, naye ataka ile sahani iliyojaa imsemee. Yuko anayejinyima: mama aachaye kipande chake cha samaki ili mtoto apate, au mwenye safari awekaye akiba ya nauli, au huyu wetu wa siku hizi atakaye kupungua kiuno. Tena yuko afungaye. Waketisheni wote wanne barazani saa 5 asubuhi, mwite tabibu awapime damu. Hataweza kuwaambia nani ni nani. Matumbo yao yamekuwa sawasawa. Ndiyo maana kijana yule aliona njaa ni ile ile, na kwa upande wa tumbo alisema kweli.

Basi, tofauti haimo tumboni. Imo katika nini? Wengi watajibu upesi kwamba imo moyoni, katika nia. Jibu hili si baya, lakini mimi naliogopa, kwa kuwa nia ni kitu ambacho kila mtu hujipimia kwa mizani yake mwenyewe, na sijamwona bado mtu aliyejipunja. Nadhani ni afadhali tuitazame sahani. Sahani iliyoachwa imekwenda wapi, na ni nani aliyebeba gharama ya kuachwa kwake? Mambo haya yaonekana kwa macho, na jirani aweza kuyashuhudia.

Kwanza nieleze jinsi ilivyokuwa, maana wako watakaotaka kujua. Siku 4 za mwanzo kichwa kiliniuma tangu saa 3 asubuhi. Nadhani kilidai chai na sukari yake kuliko chakula. Baada ya siku hizo naliona jambo ambalo sikulitazamia: njaa haipandi moja kwa moja kama mtu apandaye mlima. Huja kama mgeni apitaye njia. Hufika saa 3, hubisha hodi kwa nguvu, na mtu asipoitika, saa 4 na nusu imekwisha kuondoka, nawe waendelea na kazi yako mwili ukiwa mwepesi. Mtu ambaye hajapata kuiacha njaa ibishe hodi hudhani kwamba itauvunja mlango. Kuyajua haya ni faida, nami siidharau. Lakini tumbo lililongojeshwa hudai na riba. Ikifika saa 6 mkono huikimbilia sahani, na bada kwa samaki ambayo zamani ingalitosha watu wawili huonekana ndogo. Mwenye kula kwa saa asipojilinda hapo, atakuwa ameuhamisha ulaji wake tu, kama mtu ahamishaye gunia kutoka bega la kushoto kwenda la kulia. Hata hivyo, miezi 3 ilipotimia uzito wangu ulikuwa umeshuka kutoka kilo 84 hata kilo 79, nami namshukuru Mungu.

Habari za matabibu katika jambo hili ni za kiasi kuliko maneno ya barazani. Mwaka 2022 matabibu wa Guangzhou katika nchi ya China walitangaza habari za watu 139 wenye unene waliofuatwa kwa muda wa miezi 12. Wote walipunguziwa chakula. Karibu nusu yao wakaagizwa tena wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua uzito, na kule kubanwa kwa saa hakukuleta tofauti ya kutajwa. Yaonekana, basi, kwamba kilichowapunguza ni kibaba kuliko saa. Wako pia wanaoitaja tuzo ya Nobel aliyopewa Yoshinori Ohsumi wa Japani mwaka 2016, kana kwamba alituzwa kwa kuthibitisha faida za kufunga. Yeye alituzwa kwa kuchunguza katika hamira jinsi chembe ya uhai inavyomeng'enya sehemu zake zilizochakaa. Habari ya Kwaresima haikuwamo. Tena mwenye kisukari atumiaye dawa za kushusha sukari, na mama mja mzito, na anyonyeshaye, na mtoto anayekua, wasiiguse desturi hii bila shauri la daktari, maana sukari ikishuka mno yaweza kuua. Nimeyapita haya upesi, kwa kuwa wako wayajuao kuliko mimi. Turudi kwenye sahani.

Nyumbani kwetu sala ya asubuhi husaliwa mezani, chai ikiwa imekwisha kumiminwa. Naliketi pamoja nao kama siku zote, kikombe cha maji mbele yangu. Siku ya tatu binti yetu mdogo, mwenye miaka 6, alinitazama sana, kisha akamwuliza mama yake kwa sauti ya chini: "Baba amekasirika?" Mtoto huyu hakufundishwa na mtu. Amekulia katika nyumba ambamo mtu akikaa mbele ya chakula asile, amesusa. Maana nyingine haijui. Nalimweleza, akaridhika nusu. Hapo ndipo nalipofahamu ya kuwa kutokula nako ni kusema. Mtu hawezi kuketi kati ya walaji asile, kisha akadai kwamba amenyamaza. Amekwisha kunena neno, na wenziwe watalifasiri kwa lugha waliyo nayo.

Wa pili kunena alikuwa mke wangu, wala yeye hakunena kwa sauti ya chini. "Baba," akasema, "wewe umepunguza kula, mimi nimeongezewa kupika." Ndivyo ilivyokuwa. Watoto hula saa 12 na nusu wapate kwenda shule. Yeye mwenyewe hula saa 4. Kisha ilimpasa kuwasha moto tena kwa ajili yangu saa 6 kamili, maana mtu aliyengoja saa 16 hapendi kuongezewa dakika 10. Tukapatana: chakula cha mchana nitajipashia mwenyewe kile kilichopikwa asubuhi, na cha usiku kitaliwa na wote pamoja saa 1 na nusu, niwe na njaa nisiwe nayo. Mtasema ni jambo dogo. Lakini nimeingia nyumba nyingi katika kazi hii, na nimewaona wanaume wasifiwao kwa kujitawala, ambao kujitawala kwao kumesimama juu ya miguu ya mwanamke aliyeamka alfajiri.

Sisi wa Tanga twaishi mlango kwa mlango na Waislamu, nami nimeutazama mfungo wao tangu utoto. Hapa sineni habari za itikadi. Nanena habari za sahani. Katika Ramadhani mtaa mzima una njaa pamoja, na mtaa mzima hufungua pamoja jua likitua. Mpishi aijua saa, muuza mihogo aijua, mtoto aijua. Hakuna atakayeulizwa kwa nini hakula. Mgonjwa na msafiri hupewa ruhusa. Na jioni sahani za futari hupita kutoka nyumba hata nyumba, magimbi na ndizi za nazi, hata kwetu tusiofunga. Wala kufunga kwa pamoja si jambo geni kwa Wakristo. Kitabu cha kale kiitwacho Didake chawaagiza waamini wafunge Jumatano na Ijumaa, na Wakristo wa Ethiopia wazishika siku hizo hata leo, wasile nyama wala maziwa. Mimi mwenye saa zangu peke yangu nalikuwa kama mtu aimbaye barabarani: huenda wimbo ni mzuri, lakini kila apitaye huuliza huyu ana nini.

Nasema haya si kwa kuibeza desturi ya kula kwa saa. Mwili ni amana, na anayeutunza afanya vema. Kujinyima kwa ajili ya afya ni kazi halali kama kufyeka kichaka kando ya nyumba, wala hakuhitaji kuvikwa kanzu ya ibada. Tena kujinyima kwaweza kuwa kukuu kuliko mifungo mingi: yule mama wa kipande cha samaki hatangazi kitu, hana siku wala saa, na pengine hata yeye mwenyewe hajui kwamba amefanya neno. Sahani yake imekwenda moja kwa moja kwa mtoto.

Maandiko nayo, tukiyasoma kwa kuifuata sahani, hunena wazi kuliko tulivyozoea. Katika Zakaria sura ya 7 watu wa Betheli watuma wajumbe kuuliza kama waendelee kuomboleza na kujizuia katika mwezi wa 5, kama walivyofanya miaka mingi. Mungu hawajibu ndiyo wala siyo. Awauliza walifunga kwa ajili ya nani, kisha awageuza wamtazame mjane, na yatima, na mgeni, na maskini. Katika Isaya sura ya 58 wafungao walalamika ya kuwa Mungu haoni njaa yao, nao siku ile ile wawabana wafanya kazi wao. Basi waonyeshwa mfungo ambao ndani yake mkate umegawanywa na mwenye njaa. Na yule Farisayo wa Luka 18 alikuwa na utaratibu wake, mara mbili kwa juma. Bwana hakusema kwamba alidanganya. Alifunga kweli kweli, lakini alikuwa ameugeuza mfungo wake kuwa fimbo ya kumpimia mtoza ushuru.

Wakristo wa karne ya 2 walilishika jambo hili kwa mikono. Aristides wa Athene, katika kitabu alichowatetea Wakristo mbele ya Kaisari, aandika ya kuwa akionekana maskini kati yao nao hawana akiba, hufunga siku mbili au tatu wapate kumlisha. Na katika kitabu kiitwacho Mchungaji, alichokiandika Hermas huko Rumi, mwenye kufunga aagizwa ahesabu bei ya chakula ambacho angalikila siku ile, akampe mjane, au yatima, au mhitaji. Itazameni hesabu hii. Sahani iliyoachwa haikutoweka. Imehama kutoka meza moja kwenda nyingine. Kama yule kijana wa kipaimara angaliniuliza mbele ya kitabu cha Hermas, ningalimwonyesha mahali pale kwa kidole. Nami naliijaribu hesabu hiyo. Maandazi na chai ya maziwa yapata shilingi 1,000 kwa siku, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi, fedha ambayo isipohesabiwa huyeyuka mfukoni bila kuaga. Ilikokwenda baada ya kuhesabiwa sitaandika, maana Mathayo 6 imekwisha kunifunga mdomo.

Katika kuandika haya namkumbuka mzee mmoja wa usharika wetu, avunjaye kokoto kando ya barabara. Kwaresima iliyopita ilitangazwa kwamba wapendao wafunge siku ya Ijumaa kwa kuacha mlo mmoja. Baada ya ibada alinijia akicheka. "Mwalimu," akasema, "mimi mlo wangu ni mmoja tu, wa jioni. Nikiuacha huo, nimefunga au nimekufa?" Mimi sikuweza kucheka. Mtu huyu huingia kanisani akiwa amekaa usiku kucha na mchana wake bila kula, na hakuna amsifuye kwa kujitawala. Saa 5 asubuhi yeye na mimi tuna njaa moja. Lakini mimi naijua saa ya chakula changu, naye hana ila kutumaini. Ile saa yenyewe ni mali yangu, pengine kuliko chakula. Tunapohubiri habari za kufunga mbele ya mtu kama huyu, yatupasa neno la kwanza liwe juu ya kuijaza sahani yake, na la pili ndilo liwe juu ya kuipunguza ya kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifikirisha kuliko yote. Nalikwenda kuzuru waamini mashambani upande wa Muheza, pamoja na mwinjilisti kijana. Yeye naye hula kwa saa, tena kwa ukali kunishinda. Saa 3 asubuhi tulifika kwa bibi mmoja mjane. Tulipokwisha kumwamkia na kusali naye, alileta viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya maziwa, akashika maji atunawishe. Mimi nalinawa, nikala. Mwenzangu alirudisha mikono yake, akasema, "Ahsante, bibi, nimefunga." Bibi akamwambia, "Haya, mjukuu wangu, Mungu aipokee," akaifunika sahani yake kwa ungo. Lakini mwenzangu alipotoka nje kuitika simu, yule bibi aliniinamia, akauliza: "Mwalimu, au viazi vyangu vina harufu?"

Njiani tulihojiana sana, nami nitayaandika maneno ya mwenzangu kwa haki, maana yalikuwa na nguvu. Alisema: "Mwalimu, kanuni inayovunjwa kila mtu aletapo sahani si kanuni. Sisi twaingia nyumba tano kwa siku. Tukila katika zote, tutapata maradhi yale yale tunayoyakimbia, na hapo tutamtumikia nani? Kama daktari angalikukataza chumvi, ungaliila kwa heshima ya mwenyeji?" Nalimkubali katika mengi. Mwenye agizo la daktari na alishike, amwambie mwenyeji kweli, na mwenyeji mwema atafahamu. Tena si lazima kila sahani imalizwe. Kipande kimoja cha kiazi katika kila nyumba hakimnenepeshi mtu atembeaye kwa miguu. Lakini yalibaki mambo mawili.

La kwanza ni neno lenyewe alilolisema. Hakuwa amefunga, alikuwa akiingojea saa 6. Alilitwaa neno la ibada kwa kuwa ni mlango mwepesi wa kutokea: mtu akilisema, hakuna amwulizaye zaidi. Sisemi kwamba alikusudia uongo. Lakini bibi alimwombea kwa Mungu, na dua ile ikapelekwa kwa mfungo ambao haukuwako. Neno likitumiwa hivyo mara nyingi litachakaa, na siku mtu atakapofunga kweli, atakuwa hana la kusema.

La pili ni agizo la Bwana katika Luka 10, alipowatuma wale sabini: mji ukiwapokea, wale viwekwavyo mbele yao. Wako wadhanio kwamba agizo hili liliwazuia tu wasichague vyakula vitamu. Mimi nadhani lina zaidi. Anayekuja kutoa yampasa akubali kupokea, ili mwenye nyumba asiwe maskini mara mbili. Mjane wa viazi alikuwa na kitu kimoja cha kumpa mtumishi wa Mungu asubuhi ile, nacho kikafunikwa kwa ungo.

Mwenzangu akanikumbusha ya kuwa sisi ni Walutheri, na kwamba uhuru wetu katika vyakula ulipatikana kwa vita. Kwa hiyo akila au asipokula, ni juu yake. Ni kweli, na habari zake zafaa kukumbukwa. Mwezi wa Machi 1522, siku za Kwaresima, watu walikula soseji katika nyumba ya mpiga chapa Christoph Froschauer huko Zürich, kinyume cha sheria ya kanisa. Mhubiri Zwingli alikuwapo, yeye hakula, lakini baadaye alihubiri akawatetea. Mwezi ule ule Luther, ambaye zamani za utawa wake alikuwa amefunga hata mwili ukadhoofika, alirudi Wittenberg kutoka maficho yake ya Wartburg, akahubiri siku 8 mfululizo, na katika mahubiri yale alinena habari za vyakula pia. Shauri lake lilikuwa na pande mbili. Mbele ya mtu dhaifu, ambaye bado hajafahamu, uache uhuru wako kwa ajili yake. Mbele ya mtu atakaye kukulazimisha kwa sheria, kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka, utumie uhuru wako wala usimwogope. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 26, halikukataa kufunga kwenyewe. Lilikataa kwamba siku na vyakula viwekwe kuwa lazima ili watu wapate neema, likasema pia kwamba kila Mkristo auzoeze mwili wake kwa kiasi.

Nikamwuliza: katika nyumba ile, dhaifu alikuwa nani, na aliyelazimisha alikuwa nani? Akaenda hatua nyingi asijibu. Kisha akasema, "Dhaifu alikuwa bibi. Aliyelazimisha ni saa." Jibu hilo lilikuwa lake mwenyewe, mimi sikumtilia mdomoni. Maaskofu wa zamani zile hawasimami mlangoni petu wakituhesabia vyakula, lakini sheria haihitaji askofu. Mtu aweza kujitungia yake, akaiweka katika simu, ikamlilia mfukoni mara mbili kwa siku, naye akaitii kuliko alivyopata kuitii kengele ya kanisa. Nimewasikia walao kwa saa wakisimuliana: jana nimevunja, leo nimeshika, sasa naanza kuhesabu upya. Ni lugha ya toba hiyo, lakini msamaha haumo. Mna hesabu tu.

Hapo mwenzangu alirudi kwenye hoja yake, naye alikuwa na haki: "Basi nifanyeje? Nile kila mahali?" Nalimwambia ya kwamba lugha yetu ina neno jingine, jirani kabisa ya lile alilolisema. Badala ya "nimefunga", angaliweza kusema, "Bibi, nifungie." Mwenyeji wa kwetu haoni vibaya kumfungia mgeni chakula cha njia, hufurahi, maana ajua kitaliwa. Saa yake ingalikuwa salama, viazi vingalipokewa, na bibi asingalianza kuvinusa. Lakini nalimwambia pia kwamba ziko siku ambazo hata hilo halitoshi, kama mwenyeji ni mpweke, naye ameketi ili ale pamoja nawe, labda mara ya kwanza tangu alipomzika mumewe. Siku hiyo saa na ikae mfukoni. Upande huu wa pili hakuuitikia, alisema ataufikiri.

Nyumba iliyofuata tuliifikia saa 5 na robo. Mama wa nyumba alikuwa akiepua maandazi, watoto wamemzunguka. Alipotukaribisha, mwenzangu aliitazama simu yake, akairudisha mfukoni. "Mama," akasema, "naomba unifungie." Akafungiwa maandazi 6 katika jani la mgomba, mengi kuliko haja yake. Saa 6 ilipopita kidogo tuliketi chini ya mwembe kando ya njia, tukaomba, tukala. Akapita mvulana mchunga mbuzi, akapewa mawili, akaenda zake shavu likiwa limejaa.